Nina Chongo, na Haya Ndiyo Niliyojifunza

Nina chongo. Jicho langu la kushoto halipo. Mahali pake pana jicho la bandia ambalo wengi hawalitambui mpaka niwaambie. Mimi ni fundi seremala, na lililonipata linajulikana sana na mafundi. Mwenzangu alikuwa akipigilia msumari kwenye mbao ngumu, mimi nimemshikia upande wa pili. Nyundo ikaupiga msumari pembeni, kichwa chake kikakatika na kuruka. Wakati ule sikupata maumivu makubwa. Nilihisi pigo dogo la ghafla, kisha umajimaji wa uvuguvugu ukanitiririka shavuni, na upande ule ukaingia ukungu.

Fundi mkuu wetu alijua la kufanya, na mpaka leo namshukuru. Hakuniacha nilisugue jicho wala hakulimwagia maji. Alichukua kikombe safi cha plastiki, akakiegemeza kwenye mifupa inayolizunguka jicho bila kuligusa jicho lenyewe, akakifunga kwa kitambaa, tukaondoka kwenda hospitali. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya jicho lililotobolewa: lisibonyezwe, lisioshwe, na kilichochoma kisichomolewe. Kwa kemikali mambo ni kinyume kabisa. Saruji, chokaa, asidi au sabuni kali ikikuingia jichoni, osha palepale kwa maji safi mengi yanayotiririka, zisipungue dakika 15, na zikifika 30 ni bora zaidi, ndipo uende hospitali. Chokaa na saruji mbichi zina alkali, na alkali huendelea kuzama ndani ya jicho wakati wewe bado unatafuta usafiri. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona watu wakiyachanganya mawili haya, na kila kosa hapo lina bei yake.

Madaktari walijaribu kuliokoa jicho, ikashindikana. Baada ya upasuaji wa kwanza daktari akaja kukaa kando ya kitanda changu.

“Fundi,” akaniambia, “jicho hili halitaona tena. Sasa ninayemlinda ni mwenzake.”

Sikumwelewa, kwani jicho la kulia lilikuwa zima, halikuguswa hata na vumbi. Akanieleza taratibu. Jicho lililochanika vibaya likiachwa mahali pake, mara chache sana kinga ya mwili hugeuka na kuanza kuzishambulia tishu za macho, za lile lililoumia na za lile zima pia. Inaweza kutokea baada ya wiki chache, inaweza kutokea baada ya miaka. Ni jambo nadra, na siku hizi zipo dawa za kuituliza hali hiyo, lakini jicho lisilo na tumaini la kuona hakuna sababu ya kuliacha lihatarishe lingine. Akanitajia Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, ambaye maandishi ya nukta wanayosoma wasioona yana jina lake. Alikuwa mtoto wa miaka 3 alipojichoma jicho moja kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Madhara yakahamia jicho la pili, na alipofika miaka 5 haoni kabisa. Nilitia sahihi ya kukubali jicho litolewe siku ileile.

Nimeyapita haya upesi kwa makusudi. Ajali ndiyo watu wanayopenda kuisikia, lakini iliisha katika nafasi ya pumzi moja. Kilichonichukua muda mrefu kukijua ni kwamba chongo ni hasara inayojificha. Hujificha kwa watu wanaokutazama, na hujificha hata kwako wewe mwenyewe uliye nayo.

Nilitarajia giza. Siku walipofungua bandeji nilikuwa nimejiandaa kuona pazia jeusi limefunika nusu ya dunia. Nilipofumbua jicho la kulia chumba kilikuwa kizima. Dirisha lipo, kitanda cha jirani kipo, miguu yangu ipo. Upande wa kushoto hapakuwa na weusi; hapakuwa na chochote. Wewe mwenye macho mawili, jiulize unaona nini nyuma ya kisogo chako sasa hivi. Huoni giza huko, huoni tu, wala hujihisi umepungukiwa. Ndivyo upande wangu wa kushoto ulivyokuwa, na ndivyo ulivyo mpaka leo. Nikalala nikiamini nimepoteza kidogo sana. Wiki zilizofuata, fremu za milango, kona za meza na mabega ya watu vilinionyesha nilichopoteza.

Baadaye nilipata hesabu yake. Macho mawili kwa pamoja huona upana wa nyuzi 180 hivi, au zaidi kidogo. Jicho moja peke yake huona kama nyuzi 150. Sehemu ya katikati, nyuzi zipatazo 120, huonwa na macho yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayebaki na jicho moja hakupoteza nusu ya kuona kwake, ingawa hivyo ndivyo watu wanavyotoa hesabu: mawili toa moja. Kinachopotea ni kipande cha pembeni, kile ambacho pua ya mtu inakizuia jicho lililobaki lisikifikie, na pamoja nacho hupotea namna fulani ya kupima umbali, ambayo nitaieleza. Nguvu ya kusoma herufi ndogo haipungui sana. Rangi hazipungui.

Kuna kitu kingine kidogo nilikigundua nikiwa kazini. Kila jicho, lako na langu, lina doa pofu: mahali ambapo mshipa wa fahamu unatokea kwenda kwenye ubongo, na pale hapana chembe za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza jambo hili katika miaka ya 1660. Doa hilo liko kama nyuzi 15 kutoka pale unapotazama, kuelekea upande wa sikio. Mwenye macho mawili hana habari nalo, maana kile kisichoonwa na jicho moja mwenzake hukiona. Mimi sina mwenzake. Nimewahi kukazia macho alama ya penseli kwenye ubao, na kichwa cha msumari kilichokuwa pembeni yake kikatoweka, ubao ukaonekana laini tu mahali pale. Ubongo ulikuwa umepaka rangi ya mbao juu ya msumari. Nilisogeza kichwa kidogo, msumari ukarudi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama jambo mara mbili kwa pembe mbili kabla ya kuweka mkono.

Hata kwenye takwimu chongo imejificha. Shirika la Afya Duniani hupanga ngazi za ulemavu wa kuona kwa kulitazama jicho lenye nafuu. Anayehesabiwa kipofu ni yule ambaye jicho lake bora linaona chini ya 3/60, maana yake hata akisogea mpaka mita 3 hatambui kile ambacho mtu wa macho mazuri angekitambua akiwa mita 60. Jicho langu la kulia linasoma 6/6, yaani kama la mtu wa macho mazuri. Katika hesabu hiyo mimi sipo popote. Silalamiki, kwa sababu asiyeona kabisa ana haja kubwa kuliko yangu na ndiye anayestahili kutangulia. Lakini ni vizuri msomaji ajue kwamba akiona jedwali la watu wasioona, wenye chongo hawamo.

Lugha yetu ndiyo haikutusahau. Chongo ina jina lake tangu zamani, na ni jina la hali, hali ya kuwa na jicho moja linaloona. Mtu ana chongo. Ukitaka kumweleza kwa hali hiyo utasema mtu mwenye chongo, kama utakavyosema paka mwenye chongo au ng’ombe wenye chongo. Haijalishi kama jicho lenyewe limetolewa, limefumba au liko wazi lakini limekufa nuru. Wako wanaofupisha wakasema “yule chongo”, na hapo ndipo neno linapouma, kwa kuwa hali imemmeza mtu mzima. Mimi husema nina chongo. Sisemi mimi ni chongo, na mwanafunzi wangu wa ufundi aliponiuliza aseme vipi akimwelekeza mteja kwangu, nilimwambia aseme “fundi mwenye jicho moja” au “fundi mwenye chongo”, yote sawa kwangu, mradi neno fundi litangulie.

Methali mbili hunifuata kila niendako. Ya kwanza ni ile ya kwamba penye vipofu, mwenye chongo ni mfalme. Watu hunipa hiyo kama kitulizo, na najua nia yao ni njema, lakini siipendi. Inanitaka nifurahie kutoona kwa mwingine. Ya pili naipenda: akipenda, chongo huita kengeza. Mwenye kengeza ana macho mawili, isipokuwa hayatazami mahali pamoja. Kwa hiyo anayependa hulipunguza pengo la mpenzi wake kwa kulipa jina dogo zaidi. Mama yangu alifanya hivyohivyo bila kuitaja methali. Wageni walipokuja kunijulia hali aliwaambia, “Jicho linamsumbua kidogo tu.” Jicho halikuwepo kabisa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Sikumsahihisha hata mara moja.

Sasa nieleze habari ya umbali, maana hapa ndipo kazi yangu ilipotikiswa.

Macho ya mtu mzima yametengana kwa sentimeta 6 hivi. Kila moja hupata picha yake, na picha hizo hutofautiana kidogo. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba ubongo huitumia tofauti hiyo kutengeneza kina: hiki kiko mbele, kile kiko nyuma. Uwezo huo una nguvu zaidi kwa vitu vilivyo karibu. Kwa mlima ulio mbali hauna kazi kubwa, picha za macho yote mawili zinakuwa karibu sawa. Lakini katika eneo ambalo mkono unafika, yaani pale hasa ambapo seremala anaishi siku nzima, ndio unaokuwezesha kuweka ncha ya bisibisi kwenye mfereji wa skrubu bila hata kufikiri.

Niliporudi karakanani nilijikuta nagusa hewa. Nanyoosha mkono kuchukua patasi, vidole vinafumbata kabla ya kuifikia. Namimina gundi, inaanguka kando ya kopo. Nyundo ilikuwa ya kutisha, sitaficha. Dole gumba la mkono wa kushoto ndilo lililolipa. Kuna siku nilikaa juu ya mbao nikaona ufundi umekwisha. Kisha mwenzangu akaniletea ubao akaniuliza kama umenyooka. Nikauinua, nikautazama kwa kuufuata ukingo wake kutoka ncha moja hadi nyingine, nikamwambia umepinda hapa karibu na fundo. Seremala yeyote anayepima mnyooko wa ubao hufumba jicho moja kwanza. Kazi hiyo haijawahi kutaka macho mawili. Nilianza kujiuliza ni mambo mangapi mengine yako hivyo.

Yalikuwa mengi. Macho mawili ni njia moja tu ya kujua umbali, na ubongo una nyingine ambazo hata mwenye macho mawili huzitumia bila kujua. Kilichokizuia kingine kiko mbele yake. Kinachojulikana ukubwa wake kikionekana kidogo kiko mbali. Mistari sambamba, kama kingo za sakafu ya mbao, hukaribiana kadiri inavyokwenda. Na kuna kivuli, ambacho kwangu kimekuwa msaada mkubwa kuliko vyote. Zamani niliweka taa juu ya kichwa. Sasa naiweka pembeni, upande wa kulia, ili bisibisi na kivuli chake vije vikutane. Ncha ya kivuli ikigusana na ncha ya chuma, najua nimefika. Kwa msumari vilevile.

Njia nyingine ni kusogeza kichwa. Ukisogea kulia kidogo na kushoto kidogo, vilivyo karibu hukimbia sana machoni pako na vilivyo mbali hukawia. Njiwa, ambaye macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hupata sehemu ya habari za umbali kwa namna anavyorusha kichwa akitembea. Nilipolijua hilo niliacha kuona haya kuyumbisha kichwa mbele ya meza ya kazi. Na pale jicho linaposhindwa, mkono una haki ya kwenda kwanza. Nikimimina chochote, mdomo wa chombo hugusa ukingo wa kile kinachopokea kabla ya kuinamisha. Nikikata, kidole cha kushoto hupumzika kwenye ubao mbali na msumeno na kuniambia ubao uko wapi. Kushuka ngazi nisizozijua, mguu huuliza ukingo kabla ya kuuamini, hasa ngazi za rangi moja zisizo na mstari, ambazo kwa mwenye chongo huonekana kama mteremko wa bapa. Kupanda si tatizo.

Wataalamu husema kuzoea huchukua miezi kadhaa hadi mwaka, na kwangu ilikuwa kweli. Katika kipindi hicho mtu asiendeshe gari wala asikimbilie mashine zenye meno. Baada yake, nchi nyingi huruhusu mwenye jicho moja zuri kuendesha gari dogo akipimwa na kupita, ila magari makubwa ya abiria na mizigo mara nyingi huwa na masharti makali zaidi. Mtu aulize kanuni za mahali alipo kabla ya kushika usukani.

Nilipokuwa chini nilitafuta habari za waliotangulia, na watatu nimekaa nao moyoni. Wiley Post, Mmarekani, alipoteza jicho la kushoto mwaka 1926 katika ajali kwenye machimbo ya mafuta. Fidia aliyolipwa aliitumia kununua ndege, na mwaka 1933 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege akiwa rubani peke yake, safari iliyochukua chini ya siku 8. Mtu huyo alikuwa akitua kwenye viwanja kwa jicho moja. Mansoor Ali Khan Pataudi, mchezaji wa kriketi wa India, aliharibikiwa jicho la kulia kwa ajali ya gari mwaka 1961. Mwaka uliofuata akawa nahodha wa timu ya taifa akiwa na miaka 21, akiendelea kuupiga mpira unaomjia kwa kasi ambayo mwenye macho mawili huiogopa. Na Gordon Banks, golikipa wa Uingereza aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, alipoteza uwezo wa kuona wa jicho la kulia kwa ajali ya gari mwaka 1972. Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi. Soka lake la juu nyumbani lilikatika, hakurudi pale alipokuwa. Lakini mwaka 1977 alisimama tena golini, huko Marekani, akadaka. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, na nadhani mtu aliyepoteza jicho jana anahitaji kuyasikia yote mawili.

Upande usioonekana una mambo yake na watu. Anayenisalimia kutoka kushoto bila kutoa sauti, simwoni, na wengi walidhani nimekuwa na kiburi. Nilivumilia kwa muda, kisha nikaanza kusema wazi: “Upande huu sioni, niite kwa jina.” Maneno hayo machache yamenirudishia marafiki. Penye mkutano nakaa mwisho wa safu, ukuta uwe kushoto kwangu, watu wote wawe kulia. Nikipewa mkono nautoa wangu na kuutuliza, namwacha mwenzangu amalizie umbali uliobaki. Nikivuka barabara nageuza shingo mpaka kidevu kikaribie bega. Kugeuza macho peke yake hakutoshi, na shingo iliuma mwanzoni kwa kazi hiyo mpya. Watu hubishana mwenye chongo atembezwe upande gani. Mimi napenda mwenzangu awe kushoto, upande nisiouona, ili wapita njia wasinigonge, ingawa nikitaka kumtazama usoni lazima nigeuke. Wapo wanaopenda kinyume. Uliza tu.

Mpwa wangu ndiye aliyeniuliza maswali ambayo wakubwa waliyaogopa. “Mjomba, hilo jicho lako likilala linafumba?” Nikamwonyesha. Watu hufikiri jicho la bandia ni gololi nzima. Yangu ni gamba tu, limepinda kama kipande cha ganda la yai, limetengenezwa kwa akriliki na kuchongwa kulingana na nafasi yake baada ya kuchukuliwa umbo. Nyuma yake, ndani zaidi, kuna kipande cha mviringo kilichowekwa na daktari wa upasuaji na kuunganishwa na misuli ileile iliyokuwa ikilizungusha jicho langu. Ndiyo maana gamba hucheza kidogo ninapotazama huku na huku, na kope hulifunika kama zamani. Mboni yake haipanuki gizani wala haisinyai juani, kwa hiyo mtoto mwerevu hugundua. Macho haya ya bandia zamani yalikuwa ya kioo, na Ujerumani ndiyo iliyosifika kwa ufundi huo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata biashara hiyo, mafundi wa nchi nyingine wakahamia kwenye plastiki, na wengi wamebaki huko. Hupelekwa kung’arishwa kama mara moja kwa mwaka na hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hivi. Kulitoa toa kila siku bila sababu huudhi ngozi ya ndani. Mtoto mdogo aliyetolewa jicho asicheleweshewe: mifupa ya uso inayozunguka jicho hukua vizuri inapokuwa na kitu cha kuijaza.

Kwa muda baada ya upasuaji niliona vimulimuli upande wa kushoto, vimiminiko vya rangi vilivyokuja usiku na kuondoka. Niliogopa kuwaambia watu. Kumbe ni jambo linalojulikana kwa waliotolewa jicho, la jamaa moja na lile la mtu aliyekatwa mguu kuusikia mguu unawasha. Ubongo unaendelea kulisemea jicho ambalo halipo. Kama yanakupata, mwambie daktari ili ajiridhishe kuhusu jicho lililobaki, kisha ulale kwa amani.

Kuhusu hilo lililobaki, nimeambiwa mara nyingi nisisome sana, nisilichoshe, kwa kuwa linafanya kazi ya wawili. Si kweli. Jicho halichakai kwa kutumika. Linachohitaji ni kinga na kupimwa. Miwani yangu ina lenzi za polikaboneti, plastiki isiyopasuka kirahisi inapopigwa, na naivaa nikiamka mpaka nikilala, kazini naongeza ile yenye kinga za pembeni. Nguvu ya miwani kwenye lenzi ni sifuri. Naivaa kama ngao tu. Na kila mwaka napimwa presha ya jicho, kwa sababu ugonjwa huo hula kuona kwa pembeni kimyakimya, bila maumivu, na mimi sina jicho la pili la kunishtua. Nikiona vimulimuli vipya, mvua ya madoa meusi au kivuli kama pazia katika jicho la kulia, sitasubiri kesho.

Nilisema chongo hujificha hata kwa mwenyewe. Kwa watoto hujificha kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na hapo methali ya mama ina maana ambayo huenda waliotunga hawakuikusudia. Kengeza na chongo ni ndugu kweli. Mtoto ambaye macho yake hayatazami mahali pamoja hupata picha mbili zinazogombana, na ubongo wake, ili kupata utulivu, hulipuuza jicho moja. Likipuuzwa miaka ya mwanzo, jicho hilo zima lisilo na kidonda hukosa kujifunza kuona. Hutokea pia pale jicho moja linapohitaji miwani kali kuliko jingine, na hapo usoni hakuna dalili hata kidogo. Mtoto hasemi, kwa sababu hajawahi kujua kuona kwingine. Tiba ipo: miwani, na kulifunika jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Hufaa zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Baadaye inakuwa ngumu.

Mpwa wangu nilimpima mwenyewe nyumbani kabla ya kumpeleka kliniki. Si kipimo cha daktari, ila kinatosha kukuamsha. Mpe mtoto kitu anachokipenda akitazame, mfunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha jingine. Akitulia kwa moja na kwa jingine akausukuma mkono wako, akalia au akageuza kichwa kuchungulia, huenda umemfunika jicho lake pekee linaloona. Angalia pia picha zake zilizopigwa kwa flashi: mboni zote mbili zikitoa wekundu, hiyo ni kawaida, moja ikitoa weupe na hali hiyo ikajirudia, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, kwa maana weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5 na hutibika vizuri ikiwahiwa. Yeye aliusukuma mkono wangu nilipofunika la kulia. Sasa anavaa miwani na kibandiko, ananung’unika kila asubuhi, na kipimo cha mwisho jicho lake la kushoto limeweza kusoma mistari miwili zaidi kwenye chati.